Ukuta wa Nyuma ya Mabenchi

Wengi mumetuuliza sababu gani chumba cha mwisho, kile cha kuwekea mabenchi mabovu, kilichukua jumamosi tatu, hali tulitangaza kwamba kazi ni ya siku moja. Sisi tuliopewa kuongoza wanafunzi tunapashwa kujibu, maana kosa lilikuwa letu.

Munakumbuka mlima Nyiragongo ulipasuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 mwezi ule serikali iliamuru mitaa 10 ya muji wa Goma ihame. Watu wengi walikimbilia Sake, na wengine wakaendelea mpaka hapa kwetu Minova. Masomo na makanisa yakawa nyumba za kulala. Sisi wa mwaka wa sita tulikuwa wadogo bado, lakini hatujasahau mikeka na masufuria ndani ya darasa. Wakubwa walipokwenda kutafuta maji, watoto waliokota makala ya jikoni wakachora ukutani: mlima, moto, magari, watu wenye mizigo kichwani. Wageni waliporudi kwao, mabenchi yakaegemezwa pale, na ule ukuta ukasahauliwa.

Jumamosi ya kwanza tulisema: chokaa ni nyeupe, itafunika yote. Tukapaka mara moja, tukaenda kucheza mpira. Jumatatu ukuta ulikuwa na rangi ya majivu, na mlima ukatoka tena. Mmoja wetu akacheka, akisema huu ni ukuta wa mfalme Belshaza.

Jumamosi ya pili tuliita fundi mzee mmoja. Alituonyesha kwamba makala hayafunikwi, yanaondolewa. Kwanza ukuta unapanguswa mukavu kwa fagio ngumu, kisha unaoshwa. Sehemu zinazobomoka zinakwanguliwa, na mashimo yanazibwa kwa mchanga na chokaa. Ukuta unaloweshwa kidogo mbele ya kupaka, na chokaa inakuwa nyepesi kama maziwa, na chumvi kidogo ndani. Unapaka, unaacha ikauke, unapaka tena. Tena alituonya sana juu ya macho, kwa sababu chokaa inaunguza.

Tulikuwa tukipangusa, mwanafunzi mmoja wa darasa la saba akasimama mlangoni, mikono mitupu. Tukamukaripia: “Weye, fagio yako iko wapi?” Tukaandika jina lake kwa karatasi ya azabu. Hakuondoka. Akaonyesha kidole chini, karibu na sakafu. Palikuwa nyumba, na kando yake kitu chenye miguu mine.

“Ile ni mbuzi yetu, yaya. Ni miye nilichora.”

Akatueleza kwamba nyumba yao ya Buhene ililiwa na ule moto, na mbuzi ilibaki imefungwa kwa kamba. Wakati ule alikuwa na miaka minane. Na sisi tulikuwa tumekwisha kupangusa nusu ya nyumba.

Tulinyamaza. Kisha tukamuuliza kama anataka tuache ile sehemu. Akatazama kwa muda mrefu, akasema: “Hapana. Chumba ni cha kusomea. Lakini muniache nipake miye mwenyewe.” Tukamupa brosi. Alipangusa, akaosha, akapaka polepole, na mbuzi aliiacha ya mwisho. Jumamosi ya tatu alikuja kwa mkono wa pili wa chokaa bila kuitwa. Ile karatasi ya azabu tulikuwa tumekwisha kuipasua.

Ndugu, tusidanganyane. Anayeandika jina lake kwa biki juu ya ukuta mupya atapata azabu yake kama zamani. Hata wino wa biki unapita ndani ya chokaa, tumeuona. Lakini sisi tulihesabu kila mchoro kuwa uchafu, na kila mutoto anayesimama kuwa muvivu. Tulipashwa kuuliza mbele ya kupangusa, si nyuma.

Bwana Prefe amekubali ubao wa zamani ushikizwe chini chini kwa baraza, mahali mikono ya watoto wadogo inafika, wale wanaokuja na mama zao kuchota maji. Chaki hatuna. Vipande vilivyobaki darasani musivitupe. Mutuletee, hata viwe vifupi kama kucha.