Saijo, Mji wa Pombe ya Mchele: Namna ya Kutambua Chupa ya Kweli



Kama umekwisha kununua gari ya okazioni iliyotoka Japani, unajua kazi yake. Muuzaji anasifu rangi, anapiga honi, anasema: "Papa, hii ni mpya kabisa!" Wewe haujibu mbio. Unafungua kapo, unasikiliza motere, unainama kuona kama mafuta yanavuja, unasoma mwaka kwenye karatasi. Rangi inapakwa siku moja tu.

Leo tunakupeleka katika inchi hiyohiyo ya Japani, lakini kutazama kitu kingine: pombe yao ya mchele, inayoitwa sake. (Usifikiri ule mji wa Sake wa Kivu, karibu na Goma. Jina ni moja, undugu hakuna.) Kuna vijana wetu wanaosoma ao kufanya biashara mbali, wanaopita Dubai ao Ulaya, na wakirudi wanaleta chupa kwa ajili ya ukwe ao kwa mkubwa wa kazi. Chupa ni ya bei, na maandishi yake hakuna anayeyasoma. Hapo ndipo posho ya mwezi inaweza kwenda kwa jina tu. Na kama nyumbani kwako hamunywi pombe, usifunge ukurasa: mbele kidogo kuna kinywaji cha watoto pia.

TUSHUKE SAIJO

Kutoka Hiroshima unapanda gari la moshi kwenda upande wa mashariki, na kisha dakika karibu 40 unashuka Saijo, mtaa wa mji wa Higashihiroshima. Ni bonde lililozungukwa na vilima, na wakati wa baridi ni baridi kweli. Ukitoka gare, tembea kwa miguu tu. Utaona kuta nyeupe, mapaa ya vigae vyekundu, na mashimine ya matofali yenye majina ya viwanda. Mtoto wa Lubumbashi, aliyezoea ile shimine ndefu ya Gécamines, atacheka kidogo: hizi ni fupi sana! Lakini zinasema neno lilelile: hapa watu wanafanya kazi. Viwanda saba vya pombe viko pale karibu-karibu, sawa nyumba za kambi moja.

Mbele ya viwanda vingine kuna kisima, na watu wa mji wanakuja kuteka maji. Kwenye mlango utaona mpira mkubwa wa majani ya mti uitwao sugi umetundikwa. Pombe mpya ikikamuliwa, wanatundika mpira mbichi wenye rangi ya kijani. Miezi inapita, majani yanakauka na kuwa ya kahawia. Mpita njia anajua bila kuuliza kwamba pombe ya ndani nayo inakomaa.

MCHELE UNASAGWA SAWA MAWE YA SHABA

Wewe uliyefanya kazi konsantrateri utaelewa jambo hili mbio kuliko watu wengine. Jiwe likitoka shimoni halipelekwi lote kwenye moto. Linasagwa, mabaki yanatupwa, yenye mali inabakia. Mchele wa sake ni vilevile. Ganda la nje la punje lina mafuta na protini, na hivyo vinaleta ladha nzito. Wanga safi uko katika moyo wa punje. Basi wanaondoa nje ili wafike ndani.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa kutwanga na kwa nguvu ya maji. Lakini katika mwaka wa 1896, palepale Saijo, mtu mmoja jina lake Satake Riichi alitengeneza mashine ya kwanza ya Japani ya kusugua mchele kwa nguvu ya motere. Kampuni ya Satake ingali pale hata leo, na mashine zake zinauzwa katika inchi nyingi.

Kwa sababu hiyo, kwenye chupa nzuri utaona hesabu yenye alama ya asilimia. Angalia sana, maana wengi wanaigeuza. Ikiandikwa 60, maana yake 60 kwa mia ya punje imebakia, na 40 kwa mia imeondolewa. Kadiri hesabu inavyoshuka, mchele mwingi zaidi umetumika kwa chupa moja. Mchele tunaokula umeondolewa karibu 10 kwa mia tu. Pombe ya hesabu ya 50 inataka kilo mbili za mchele ili kupata kilo moja ya kufanyia kazi. Kwa hiyo bei yake kuwa juu kuna sababu, na sababu hiyo inaonekana.

MAMA WA MUNKOYO ATAELEWA

Mama anayepika munkoyo anajua: uji wa mahindi peke yake unabakia uji. Anatia mizizi, na uji unalegea, unakuwa mtamu. Wajapani hawana mizizi ile. Wao wanapanda aina ya ukungu juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke. Ukungu huo unaitwa koji. Unageuza wanga kuwa sukari, na chachu inageuza sukari kuwa pombe, yote mbili pamoja katika pipa moja. Kwa sababu hiyo sake inapanda kufika alkoli 18 ao 20 kwa mia bila kuchemshwa sawa lutuku. Kisha wanatia maji kidogo, na kwenye chupa inakuwa karibu 15 ao 16. Ni mara tatu ya bia. Anayeinywa kwa glasi ya bia atajuta kesho asubuhi! Ufundi huu wa koji uliandikwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu mwezi wa 12 mwaka wa 2024.

Maji ya Hiroshima ni mepesi, hayana chumvi nyingi za mawe. Zamani yalileta shida, kwa maana njia ya kupika iliyosifiwa ilitoka Nada, karibu na Kobe, penye maji mazito. Bwana mmoja, Miura Senzaburo, alihangaika miaka mingi, pombe yake ikiharibika. Hakukimbilia maji ya wengine. Alitafuta njia ya polepole, kwa baridi zaidi, inayopatana na maji ya kwao, na katika mwaka wa 1898 aliiandika katika kitabu ili jirani zake pia waijue. Katika mashindano ya inchi yote ya mwaka wa 1907, pombe za Hiroshima zilishika nafasi za mbele.

SOMA ETIKETI MBELE YA KULIPA

Kwanza, jina. Katika kinywa cha Wajapani neno "sake" linaweza kuwa pombe yoyote. Ukiwa dukani, uliza "nihonshu". Tangu mwisho wa mwaka wa 2015 jina hilo linalindwa: mchele uwe wa Japani, na kazi yote ifanyike Japani. Sake inatengenezwa pia Marekani na kwingine, na inaweza kuwa nzuri, lakini haiwezi kuitwa nihonshu.

Pili, vitu vilivyotiwa ndani. Tafuta alama ya mchele: ni msalaba wenye vijiti vinne vidogo katika pembe zake. Kama wameandika mchele na koji ya mchele tu, hiyo ni "junmai". Kama wameongeza "jozo arukoru", kuna alkoli iliyotiwa. Hapo usiseme mbio kwamba ni ya uongo. Ikitiwa kidogo, kwa kipimo cha sheria, inasaidia harufu, na mafundi wakubwa wanafanya hivyo. Lakini kisha vita ya pili ya dunia, mchele ulipokosa, walitia alkoli na sukari hata pombe ikawa mara tatu. Watu wakachoka nayo, na jina la sake likaanguka. Tangu hapo etiketi imekuwa na kazi ya kurudisha imani.

Tatu, daraja. "Honjozo" ina hesabu ya 70 ao chini, na alkoli kidogo. "Ginjo" ni 60 ao chini. "Daiginjo" ni 50 ao chini. Neno "junmai" likitangulia, kama "junmai ginjo", hakuna alkoli iliyotiwa. Majina haya yanalindwa na sheria, na mtu hawezi kuyabandika kwa kupenda. Madaraja ya zamani, yale ya "tokkyu" na "ikkyu", yalikuwa yamekwisha kuondolewa yote kufika mwaka wa 1992. Mtu akikuambia leo "hii ni tokkyu mpya", mwachie chupa yake.

Nne, umri na mahali ilipolala. Sake nyingi haizeeki vizuri sawa divai. Inataka kunywewa katika mwaka mmoja hivi. Tarehe ya chupa ilikuwa lazima, lakini tangu 2023 kiwanda kinaweza kuiacha. Tafuta chupa inayoonyesha. Ikiandikwa "nama" haikupashwa moto, na inapaswa kukaa katika furigo. Ukiikuta dirishani penye jua, katika duka la joto, hata kama kiwanda ni cha kweli, ndani imekwisha kuharibika. Ukifungua chupa, irudishe kwenye baridi, uimalize katika majuma mawili hivi.

BEI KUBWA SI USHUHUDA

Jirani ya Hiroshima, katika jimbo la Yamaguchi, kuna kiwanda kinachotengeneza Dassai. Jina lilipata sifa, wachuuzi wakaanza kukusanya chupa na kuziuza mara mbili, mara tatu. Mwezi wa 12 mwaka wa 2017 wenye kiwanda walilipa tangazo katika gazeti kubwa, Yomiuri, wakiwasihi watu wasinunue kwa bei ya juu, na wakaandika bei ya haki na majina ya maduka yao. Umekwisha kusikia muuzaji anayekusihi usilipe zaidi? Walijua kwamba chupa iliyopita mikono mingi haina baridi tena, na jina linaloharibika ni lao.

Basi nunua kiwandani, ao katika duka linalojulikana na kiwanda, lenye furigo na muuzaji anayekubali kuulizwa. Chupa nzuri ya mililita 720 kwa kawaida inapatikana kati ya yeni 1,500 na 3,000. Utaona hata chupa zenye vipande vya dhahabu vinavyoelea ndani. Sisi wa inchi ya madini tunajua: dhahabu haina ladha. Soma etiketi yake sawa nyingine.

KWA VIJANA NA JAMAA

Japani, mtu wa chini ya miaka 20 hapewi pombe. Tena sheria ya barabara ni kali: anayeendesha gari akiwa amekunywa anaadhibiwa, na aliyemwekea glasi pia, na hata anayekubali kubebwa naye. Katika nyumba za kuonja wanakuuliza kwanza: "Unaendesha?" Ukisema ndiyo, unapewa maji.

Watoto wasikae na wivu. Kuna "amazake" ya koji, nzito na tamu bila sukari kutiwa. Ukiionja utasema ni ndugu ya munkoyo wetu. Lakini huko pia soma: ile ya koji haina alkoli, ile ya machicha ya sake inaweza kuwa nayo kidogo.

Karibu na mwaka wa 1970, Japani ilikuwa na viwanda vya sake zaidi ya 3,000. Leo havifiki nusu. Vinavyobakia, vingi ni vidogo, vya baba na mtoto. Ukilipa mchuuzi wa jina, pesa haiwafikii. Ukichagua kwa kusoma, hata chupa ya bei ndogo, umelipa mkono uliosugua mchele.