Tsar wa Urusi na Malafyale wa Nyumbani

Ninapowaambia watu kwamba kwetu ni Bagamoyo, wengi hunichangamkia kwa habari za bahari, magofu ya Kaole na samaki. Hulazimika kuwakatiza. Bagamoyo yetu ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, mahali ambapo mvua hunyesha hadi nguo zikaota ukungu kabatini, na anayetazama mbali huuona Mlima Rungwe, si majahazi. Huko ndiko nilikopatia uraibu ambao kwa miaka mingi nimeuficha mbele ya wenzangu wa chuoni: mimi ni mpenzi wa historia ya familia ya kifalme ya Urusi. Sikuisomea. Ninafundisha utawala wa umma, Kirusi sikijui, na Saint Petersburg sijawahi kufika. Ni mpenzi tu, kama wengine walivyo wapenzi wa Simba na Yanga.

Kisa kilianza na sanduku la marehemu baba, mwalimu wa shule ya msingi. Lilijaa vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa Moscow, ambavyo enzi za Ujamaa viliuzwa kwa bei ya kutupa. Kimojawapo kilisimulia mapinduzi ya mwaka 1917. Tsar Nicholas II aliondolewa madarakani katika ukurasa mmoja, na katika kurasa zote zilizofuata hakutajwa tena. Nikiwa mtoto wa miaka kumi na mitatu niliusoma ukurasa ule mara nyingi, nikidhani nimeruka mahali. Mtu aliyetawala nchi kubwa kuliko zote duniani amekwenda wapi? Ana mke? Ana watoto? Baba alinijibu kwamba hilo si swali la kimapinduzi.

Jibu nililipata baada ya miaka, kipande kwa kipande. Alikuwa na mke, Alexandra, na watoto watano: Olga, Tatiana, Maria, Anastasia na Alexei, mvulana aliyekuwa na ugonjwa wa damu kutoganda. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, katika nyumba ya Ipatiev mjini Yekaterinburg, waliamshwa, wakashushwa katika chumba cha chini na kupigwa risasi wote saba. Waliuawa pamoja na daktari wao, Botkin, na watumishi watatu. Huwa nawataja hao watatu kwa sababu vitabu vingi huwasahau: Demidova mjakazi, Kharitonov mpishi, na Trupp mtumishi wa chumbani.

Naomba nieleweke. Siulilii ufalme. Tsar huyu ndiye ambaye majeshi yake yaliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokwenda kumpelekea ombi Januari 1905, na vita vyake viliwameza wakulima wasiohesabika. Mwanafunzi anayetaka kunishutumu kwamba ninawaonea huruma wanyonyaji nitamwunga mkono nusu ya njia. Lakini kuiondoa serikali ni jambo moja, na kuwafuta watu pamoja na mahali walipozikwa ni jambo jingine. Wakuu wa Kisovieti walilijua hilo vizuri: mwaka 1977 nyumba ya Ipatiev ilibomolewa, watu wasije wakapafanya mahali pa kuhiji.

Kinachonivuta zaidi katika historia hii ni wale walioitafuta mifupa. Alexander Avdonin alikuwa mwanajiolojia. Geli Ryabov alikuwa mtunzi wa filamu na hadithi za upelelezi. Hakuna aliyewatuma wala aliyewalipa. Mwaka 1979, wakiwa na wenzao wachache, walichimba katika njia ya msituni nje ya mji, wakaona mafuvu, wakaogopa, wakayarudisha ardhini na kunyamaza kwa miaka kumi. Mwaka 1991 ndipo makaburi yalipofukuliwa rasmi. Vinasaba vya mifupa ya Alexandra vikalinganishwa na damu ya Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, kwa kuwa bibi yake mzaa mama alikuwa dada wa Alexandra. Vikaoana. Mwaka 1998 walizikwa kwa heshima Saint Petersburg, na mabaki ya watoto wawili waliokosekana yakapatikana mwaka 2007, safari hii tena na watafutaji wa kujitolea. Wapenzi tu, kama mimi. Kwa miaka mingi habari hii ilinipa kiburi fulani.

Kiburi hicho kilivunjika mwaka jana, na aliyekivunja ni shangazi yangu.

Karibu na shamba letu kuna kijisitu cha miti mikubwa ambayo hakuna anayethubutu kuikata. Chini yake amelazwa malafyale, yaani chifu, ambaye babu yangu alikuwa karani wa baraza lake. Wapimaji wa viwanja walipita huko wakaacha vigingi viwili ndani ya kijisitu. Shangazi, ambaye umri wake sasa unakaribia miaka tisini, alinipigia simu akitaka mimi, mtu wa vitabu, nikaseme. Nilikwenda ofisini. Afisa aliyenipokea hakunitukana wala hakunizungusha, aliniuliza swali ambalo ningekuwa mimi ningeliuliza vilevile: "Mwalimu, una maandishi yoyote yanayoonyesha kwamba pale ni kaburi, na ni la nani?"

Sikuwa nayo. Nilisimama pale, mtu anayeweza kukutajia kwa mpangilio waliouawa Yekaterinburg wote kumi na mmoja, nikashindwa kumwambia afisa yule malafyale alitawazwa lini, alifariki lini, na alipokewa na nani.

Na maandishi yalikuwepo. Serikali ilipofuta mamlaka ya machifu kwa sheria ya mwaka 1963, babu alirudi nyumbani na madaftari ya baraza, akayaweka darini. Nakumbuka mwandiko wake wa kalamu ya kuchovya: kesi za ng'ombe, mipaka, majina. Nikiwa kidato cha pili nilichana kurasa tupu nikafanyia mazoezi ya aljebra. Zilizoandikwa ziliishia jikoni, kuwashia moto siku za mvua. Mimi ndiye niliyezishusha. Katika miaka hiyohiyo nilikuwa nikikata picha za Nicholas na binti zake magazetini na kuzibandika kwa uangalifu katika daftari ambalo ninalo hadi leo.

Mtu akitaka kusoma habari za watawala wa Wanyakyusa kwa undani leo, njia yake huishia Cape Town, ambako chuo kikuu kimehifadhi karatasi za Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti wao kwetu katika miaka ya 1930. Sina ugomvi na Cape Town, wamevitunza. Nauliza tu sisi tulikuwa tukitunza nini.

Sidai machifu warudishwe. Sheria ile ya 1963 ilikuwa na sababu zake: machifu wengi walikuwa wamegeuzwa makarani wa mkoloni, na taifa changa liliogopa kugawanyika. Ila kufuta cheo hakukulazimu kufuta kumbukumbu. Hapo ndipo uraibu wangu wa mbali unaponifaa kidogo, kwa maana kazi iliyofanyika Yekaterinburg imekwisha kuanza kwetu. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, likiwa limeteuliwa miongoni mwa mafuvu mengi huko Bremen kwa kutumia vipimo vya umbo la kichwa. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani Machi 1900. Kwa miongo mingi mjukuu wake amekitafuta kichwa chake, na alitoa mate yake yapimwe. Mwaka 2023 wahifadhi wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu waliyonayo vimeoana na vya watu walio hai Tanzania, mmoja akiwa mshauri wa Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikupatikana.

Dola iliyomnyonga Meli ilikuwa ya Kaisari Wilhelm II, binamu yake Nicholas, na boma lake la Neu Langenburg ndilo lililozaa mji wa Tukuyu. Mwaka 1914 binamu hao waliandikiana simu za maandishi kwa Kiingereza wakiitana Willy na Nicky, kisha wakapigana. Mwezi Mei 1916 vita hiyo ya kifamilia iliwafikisha Waingereza Tukuyu. Kwa hiyo hata tukijifungia Bagamoyo yetu yenye ukungu, wafalme hao wametupitia.

Jioni ile nilirudi kwa shangazi mikono mitupu. Nikamweleza yaliyotokea, na kwa aibu nikamsimulia pia habari za Tsar, jinsi mifupa yake ilivyopata majina. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Hao mabinti wanne, nani aliwalilia?"

Nikamjibu kwamba wakati ule hapakuwa na mtu wa kuwalilia waziwazi.

"Basi wewe unawalilia vizuri," akasema. "Sasa lete karatasi."

Tulikaa siku tatu. Afisa yule, kwa wema wake, amekubali kusubiri ramani tutakayoichora pamoja na wazee watakaoweka dole gumba. Vigingi bado vipo. Shangazi alianza na mama yake malafyale, akaja kwa wake, akafuata watoto wa kila nyumba. Siku ya pili nilimsomea tulipofikia, nikijisifu kwamba mstari umekaa sawa. Akanyosha kidole juu ya karatasi ambayo haoni tena maandishi yake.

"Huyo siye wa pili. Wa pili ni yule aliyefariki angali ananyonya. Futa, uandike upya."