Barua kutoka Dortmund: Mjusi wa Kwetu, Sebuleni kwa Jirani

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya treni ya mjini, nikaona aibu kwa jinsi ulivyokuwa unapiga kelele kuushinda muziki wa bodaboda. Mara ya pili jikoni kwangu. Mara ya tatu nilikuwa sebuleni kwa jirani yangu wa ghorofa ya tatu, nimekaa mbele ya viumbe hao hao unaowaulizia. Jirani hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, lakini uliposema "Kimboza" aliacha kumimina kahawa.

Basi nimekuelewa. Kuna jamaa amekuja Matombo na pikipiki, anasema katokea Dar, anatafuta mijusi wa bluu, anatoa buku tano kwa kichwa. Nawe kwa kuwa akili unayo, umeshapiga hesabu: kaka yuko Ujerumani, Wajerumani ndio wanunuzi, dalali wa nini? Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Nikikujibu "hapana" peke yake utasema kaka ameshashiba mkate wa watu, kasahau njaa ya nyumbani. Acha nikueleze ninayoyaona huku. Hapana yenyewe utaikuta njiani.

Huyu jirani alikuwa mchimba makaa ya mawe. Eneo lote hili la Ruhr lilisimama juu ya makaa. Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel kule Bottrop, ulifungwa Desemba 2018, na wazee kama yeye wakabaki na pensheni, kikohozi na muda mwingi. Baba yake, naye mchimbaji, alifuga njiwa wa mashindano. Huku njiwa waliitwa farasi wa mbio wa mnyonge: tajiri ana farasi wake zizini, mchimbaji ana njiwa wake darini, na mwisho wa wiki kila mmoja anasubiri mshindi wake. Mtoto hakurithi njiwa. Alirithi ile hamu ya kutoka gizani chini ya ardhi akakuta nyumbani kitu chenye rangi.

Sebuleni ana kabati la kioo refu kuliko friji. Ndani kuna mianzi, magome, na yale majani marefu magumu, ndugu wa mkonge, ambayo kwetu huota kichakani bila kuombwa na huku yanauzwa kwenye chungu. Juu kuna taa mbili, moja ya joto na moja ya ile miale ya jua ambayo kioo cha dirisha huizuia. Kuna kipimajoto, kuna kipima unyevu. Kila jioni mzee anachukua chupa ya kunyunyizia, kama ile ya fundi cherehani akipiga pasi, anawanyeshea mvua. Chakula chao ni nzi wadogo wa matunda, aina isiyoweza kuruka, anaowazalisha mwenyewe kwenye makopo. Kabla ya kuwatoa anawatikisa kwenye unga wa kalisi ili mifupa ya mijusi isilegee. Miaka yangu yote hapa sijapata kuona mwanamume akipaka nzi unga kwa uangalifu kama mama lishe anayeandaa samaki wa kukaanga.

Siku ya kwanza aliniita nione, nikadhani ananionyesha pambo. Dume likatoka nyuma ya mwanzi. Mdogo wangu, ni bluu ya kanga mpya ambayo haijaguswa na maji, na tumbo la rangi ya chungwa. Urefu wake haufiki kidole changu cha kati mara mbili, na hapo nimehesabu mkia. Jike lilikuwa pembeni, kijani-kijani, halina makuu. Mzee akanitajia jina la Kilatini, Lygodactylus williamsi, kisha akatamka polepole, kama mtu anayesoma jina la mkwe mgeni: "Kimboza. Morogoro. Tansania."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Kwetu mijusi wapo wengi." Kama mtu anayeonyeshwa dhahabu akasema kwao kuna mawe.

Ni kweli kwetu wapo. Ukutani kwa bibi tuliishi na mjusi kafiri, tukimwinda kwa ndala kwa sababu tuliambiwa kumuua kuna thawabu, eti ndiye aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahim. Huyu wa bluu ni jamaa yake wa karibu, na sikuwahi kumwona, wala sikuwahi kusikia ana jina lake. Mara ngapi tumepita Kimboza juu ya Fuso la ndizi, kutoka Mkuyuni kwenda kwa bibi? Nilichokuwa nakijua kuhusu ule msitu ni kwamba pale barabara inaingia kivuli na mtu anavaa sweta.

Mzee ndiye aliyenifundisha msitu wa kwetu. Kimboza ni kama kilomita 4 za mraba tu. Mjusi huyu porini yuko hapo na kwenye vipande vichache vya msitu jirani, basi, dunia nzima. Anaishi juu ya mkadi, ule mti wenye majani marefu ya miiba, ndugu wa mkadi wa pwani ambao wanawake hupenda maua yake kwa harufu. Tako la majani ya mkadi ndilo nyumba yake: humo ananywa maji yaliyotuama, humo anajificha, humo jike hugandisha mayai yake mawili. Mzungu aliyemwandika kwa mara ya kwanza kwenye vitabu, Arthur Loveridge, alifanya hivyo mwaka 1952. Kwa nusu karne hivi hakuna aliyemsumbua sana. Halafu miaka ya 2000 wafugaji wa Ulaya wakaiona ile bluu.

Watafiti walifuatilia kundi moja tu la wakamataji, wakakadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi hilo lilitoa mijusi kati ya 32,000 na 43,000. Msitu wa kilomita 4! Na namna ya kuwatoa ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mkadi ni mrefu, una miiba, mjusi ana mbio. Kumfikia, unaukata mti. Kwa hiyo aliyelipwa mjusi mmoja aliangusha nyumba ya ukoo mzima, na mti wenyewe haukuwa na bei kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Nimekwenda pia kwenye gulio lao. Ni Hamm, karibu nusu saa kwa treni kutoka hapa, linaitwa Terraristika, hufanyika mara nne kwa mwaka na watu hutoka Ulaya nzima. Usifikirie Kariakoo. Fikiria ukumbi wenye meza ndefu, na juu ya meza vikopo vya plastiki angavu vimepangwa kama vya saladi, vimetobolewa matundu, na ndani ya kila kikopo kuna roho. Watu wanatembea na masanduku ya kuhifadhi joto, kama wale wauza aisikrimu wa shuleni kwetu. Kwenye kikopo kumeandikwa namba: 1.0 ni dume, 0.1 ni jike, 0.0.1 bado hajulikani. Mtu anakuja anasema, "Nipe moja nukta mbili," anapewa dume na majike wawili, anafungashiwa, anakwenda zake.

Nikamkuta jongoo. Jongoo wetu mkubwa mweusi, huyo huyo wa utani wa mtungi, amelala kwenye maganda ya miti, na mama mmoja na binti yake wanamchagulia mwenza. Nikamkuta kinyonga, na hapa nilisimama. Muuzaji, kijana mwenye kinyonga aliyechorwa shingoni, alikuwa anamweleza mteja habari za "Kinyongia". Nikadhani anajaribu Kiswahili. Kumbe ni jina la kitaalamu: mwaka 2006 wataalamu walitenga jenasi nzima ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki wakaipa neno letu. Fikiria, mdogo wangu. Sisi tukimwona kinyonga njiani tunakimbia au tunamrushia jiwe, na Mjerumani aliyejichora mwilini anamwita kwa Kiswahili.

Usidhani ninawacheka. Nilikuja nikiwa na dharau ya kawaida ya Mswahili aliyeko ughaibuni: hawa watu hawazai, wanalala na mijusi. Dharau hiyo imeniisha sebuleni kwa mzee. Anajua mijusi wake wanakunywa saa ngapi. Umeme ulipopanda bei alizima hita ya chumbani kwake, hakuzima taa yao. Sasa niambie, huyu ni mtu mbaya? Lakini wale walioagiza mwaka 2007 nao walikuwa watu wa namna hiyo hiyo, wapole, wenye vipimajoto. Panga lililokata mikadi lilinolewa na mapenzi. Hilo ndilo sijui niliweke wapi.

Mijusi wa mzee hawakutoka Kimboza. Wamezaliwa huku, na wazazi wao huku. Tangu mwanzo wa 2017 mjusi huyu yuko kwenye daraja la kwanza la mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, CITES, daraja moja na chui. Biashara ya aliyekamatwa porini imekatazwa. Aliyezaliwa kwa mfugaji anauzwa kama ana cheti cha Umoja wa Ulaya, karatasi ya njano ambayo mzee anaihifadhi kwenye faili moja na hati ya pensheni. (Najua utani unaokuja hapa, wa mjusi mwenye makaratasi na binadamu anayeyasubiri. Kila Mswahili wa Dortmund ameshautoa, tuupumzishe.) Nyumbani nako, serikali ilifunga usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Juni 2022 dirisha lilitaka kufunguliwa kwa miezi sita, kelele zikapigwa, likafungwa mara moja. Jamaa yako wa pikipiki akikwambia "kibali kipo", mwombe akuonyeshe.

Na akikuonyesha, kumbuka ya Kenya. Mwaka 2025 vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa Naivasha na sisimizi wapatao 5,000. Ndiyo, sisimizi, wale wakubwa wanaokusanya mbegu, kila mmoja kwenye kineli chake chenye pamba. Huku kuna watu wanafuga sisimizi kati ya vioo viwili na kuwatazama kama sisi tunavyotazama mpira. Mahakama ikawapa faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja au mwaka mmoja jela. Mnamo siku hizo hizo kulikuwa na kesi nyingine ya sisimizi, ya raia wa Vietnam na Mkenya mmoja. Mkenya naye alipewa milioni ile ile. Wabelgiji walirudi kwao. Wewe ungerudi wapi?

Huku sheria zao nazo ni kichekesho. Mbwa unamlipia kodi kila mwaka kwa halmashauri. Nyoka humlipii. Agosti 2019, mji wa Herne, jirani hapa tu, swila mmoja wa kutoka Asia alitoroka kwenye nyumba ya kupanga. Wapangaji karibu thelathini walihamishwa, siku zikapita, mpaka alipoonekana na kukamatwa. Mwenyewe alikuwa na nyoka wengine wenye sumu wapatao ishirini. Baada ya hapo jimbo likatunga sheria, na tangu Januari 2021 mtu binafsi haruhusiwi kuanza kufuga nyoka wa sumu. Mpaka swila apotee kwenye ngazi za watu ndipo bunge liamke. Kwa hilo tu ninawaona ni ndugu zetu kabisa.

Hivyo sitakuuzia mjusi. Ukitaka hela ya pikipiki tuzungumze ya pikipiki, nitatuma ninachoweza baada ya mwisho wa mwezi, na usimwambie mjomba. Huyo jamaa mwambie mikadi ya Kimboza ni mirefu, apande mwenyewe. Au mwelekeze ofisi ya misitu, wao watafurahi kumwona.

Lakini nina ombi. Ile siku uliposema "Kimboza" kwenye ujumbe, mzee aliniomba nirudishe nyuma asikilize tena. Baadaye akaniuliza asubuhi kule kunasikikaje. Ndege gani huanza? Mvua ikipiga majani ya mkadi hutoa sauti kama ya bati au kama ya mgomba? Ana mijusi kumi na moja, ana vitabu, joto la Kimboza la kila mwezi analijua kwa kichwa, na hilo hajui. Mimi niliyepita pale utoto wangu wote nilibaki natazama kahawa.

Ukienda kwa bibi wiki ijayo, shuka pale kwenye kivuli. Usiguse kitu. Washa simu, rekodi dakika moja. Mwambie bodaboda azime injini.

Kaka yako,
Dortmund