Udongo wa Masisi, Maji ya Walikale

Mimi ni mtu wa Walikale, na mke wangu ni wa Masisi. Basi kila masika, mto Lowa unapojaa na maji yake kugeuka rangi ya uji wa ulezi, ndugu zangu hunitania wakisema: "Wakwe zako wametuletea shamba lao lote, wala hawakutudai kitu." Nami hucheka pamoja nao. Lakini mamake watoto hachekei, kwa kuwa ndiye achotaye maji hayo, huyaacha mtungini usiku kucha ili tope litue, na asubuhi huyachemsha kwa kuni alizozitafuta mbali.

Wasomaji waliopata kusafiri kutoka Sake kwenda Masisi wajua jinsi nchi ile ilivyo. Ni vilima juu ya vilima, na watu hulima maharage na mahindi mahali ambapo mbuzi mwenyewe husimama kwa uangalifu. Zamani palikuwa na msitu. Ulikatwa kwa ajili ya mashamba ya walowezi, na malisho ya ng'ombe, na makazi ya watu walioongezeka. Mvua ikipiga udongo mtupu, udongo hushuka; na pamoja nao hushuka samadi ya ng'ombe na uchafu wa vyoo, na vyote huingia vijitoni, kisha katika mito kama Oso na Lowa, vikaelekea kwetu. Ndipo watoto huanza kuhara. Wachimbaji wa madini nao huchafua mito kwa kuosha mchanga wao humo, nami siwatetei. Ila shauri lao ni jingine, leo nasema habari za wakulima.

Dawa ya jambo hili yajulikana tangu zamani. Mitaro ichimbwe kwa kukingama mlima, ukingo wake upandwe matete au nyasi nyingine za mizizi mingi, miti isimamishwe juu ya kilele, na ng'ombe wazuiliwe wasikanyage chemchemi. Miaka ya 1950 serikali ya Kibelgiji iliwalazimisha wazee wetu wa Kivu kuchimba mitaro hiyo. Asiyechimba aliadhibiwa. Kazi yenyewe ilikuwa njema, lakini ilifanywa kwa hofu, bila malipo. Uhuru ulipofika mwaka 1960, wengi walifurahi kuiacha mitaro ijae.

Baba mkwe wangu aliikumbuka kazi ile ya kulazimishwa, kwa maana aliifanya akiwa kijana. Miaka michache iliyopita, shirika moja la msaada lilifika kijijini kwake, likagawa majembe na miche, likapiga picha, likaondoka. Yeye alichimba mitaro yake vizuri, mimi mwenyewe niliiona. Lakini kilima si chake. Amekikodi kwa mwenye malisho, na kodi yake huilipa kwa salongo, yaani siku ya kazi kila juma katika shamba la mwenye mali. Baada ya mavuno ng'ombe wa mwenye kilima waliingizwa humo, wakala matete yote, wakabomoa kingo. Nilipomsihi apande tena, alinijibu kwa upole: "Mkwe wangu, mti ni wa mwenye kilima. Mimi changu ni mharage huu wa miezi mitatu." Sikupata la kumjibu.

Hapo ndipo penye shida yote, kwa maoni yangu. Achimbaye mtaro hupoteza siku zake za kazi na kipande cha shamba lake. Afaidiye ni mtu wa bondeni asiyemjua. Tangu mwaka 2007 mpango wa EcoMakala wa shirika la WWF, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, uliwasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makaa, Masisi ikiwamo. Ni kazi ya kusifiwa, lakini mti wa kungojewa miaka humfaa hasa yule aliye na ardhi yake mwenyewe.

Huko Kenya walijaribu njia nyingine. Katika milima iliyo juu ya ziwa Naivasha, wakulima wa Wanjohi na Turasha walipanda kingo za majani na kutengeneza matuta. Watumiao maji ya ziwa, miongoni mwao wenye mashamba makubwa ya maua, walikubali kuwalipa. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2010, kwa hati za kununulia mbegu na pembejeo, kila mkulima kiasi cha dola 17 hivi. Ni fedha kidogo. Lakini ilimfikia mtu wa jembe, tena kwa kazi aliyoifanya. Hata mji wa New York, tangu mapatano ya mwaka 1997, hulipia kazi za kulinda maji katika mashamba ya milima ya Catskill, kwa sababu kujenga mtambo wa kuyachuja kungeugharimu mabilioni ya dola.

Mtu ataniuliza, kwetu nani atalipa? Walikale hakuna mashamba ya maua. Lakini kuna Bisie, ambako kampuni huchimba jiwe la bati tangu mwaka 2019. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 yaagiza kwamba katika mrabaha, asilimia 25 iende jimboni, na asilimia 15 iende kwa utawala wa mahali panapochimbwa. Sehemu ndogo tu ya fedha ya jimbo ingetosha kuanza na kilima kimoja. Misaada ya ng'ambo si ya kutegemewa daima. Mwaka 2025 tuliona ile ya Marekani ikikatwa ghafula.

Najua pia habari za vita. Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Masisi mjini, na Machi wakafika Walikale, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Wengi wamekimbia mashamba. Lakini mvua haikungoja. Aprili 2023 mlima uliporomoka huko Bulwa, Masisi, ukawafunika wanawake na watoto waliokuwa kijitoni wakifua. Walikufa watu wapatao 20. Mitaro haizuii kila maporomoko, lakini kilima kilichovuliwa miti yake yote hakina cha kukishikilia.

Nilimwuliza baba mkwe ni masharti gani yangemfanya ashike jembe tena. Alitaja matatu: karatasi ya kukodi kilima kwa miaka kumi, iliyotiwa sahihi mbele ya chifu, ng'ombe wafungiwe nje ya matete, na malipo yatolewe baada ya mvua za kwanza, mtu akija kuona kama mitaro imesimama. Juu ya kiasi cha fedha hakusema neno.