Adabu ya Kuchagua Kanga

Mwanamke anayechagua kanga katika maduka ya Newala husoma kwanza, kisha ndipo atazame. Rangi isiyopendeza huweza kusamehewa, na maua ya mji wake yakiwa mabaya jicho huyazoea. Lakini jina lililoandikwa juu ya pindo, kama halifai, halizoeleki kamwe. Nimewaona akina mama wakija sokoni baada ya malipo ya korosho, fedha zimefungwa katika ncha ya kanga kuukuu, wakasimama mbele ya rundo la doti mpya kwa muda mrefu kuliko wanavyosimama mbele ya kitu kingine chochote kinachouzwa. Asiyejua kusoma humwomba mwenziwe amsomee, na humwomba kwa sauti ya chini. Mwenye duka hungoja kwa subira, maana anajua kuwa mteja wake anapima maneno.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, wageni wameniuliza mara nyingi kama kuna sheria inayosema nani avae kanga gani. Swali hili si la kuchekwa, kwa sababu wako watu katika dunia waliolifikiri kwa bidii kubwa. Waskoti wanayo nguo yao, kilti, ya sufu yenye mistari inayokatana, na kila ukoo hudai mistari yake. Mtu huvaa ile ya jina lake, au ya ukoo wa mama yake. Asiye na ukoo huvaa ya jimbo, au ile ya kikosi cha askari cha Black Watch ambayo imekwisha kuwa ya watu wote. Iko moja, ya Balmoral, ambayo kwa desturi haivaliwi ila na jamaa ya mfalme na mpiga zumari wake. Hakuna askari polisi atakayemkamata mtu aliyevaa mistari isiyokuwa yake. Atatazamwa tu, na kwa watu wenye haya kutazamwa ni adhabu ya kutosha.

Walakini ukiichunguza asili ya desturi hiyo utaona jambo la ajabu. Serikali ya Uingereza ilipiga marufuku mavazi hayo ya milimani kwa sheria ya mwaka 1746, ikaifuta mwaka 1782. Na mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822 kila bwana mkubwa alitaka kuonekana na mistari ya wazee wake, naye hakuwa na hakika wazee hao walivaa ipi. Wafumaji wa Bannockburn, William Wilson na wanawe, walikuwa na mistari mingi dukani, mingine ikiitwa kwa namba tu, na baadhi yake ikapewa majina ya koo ili iuzike. Mwaka 1842 ndugu wawili walitoa kitabu cha mistari ya koo wakidai kuwa wameitoa katika maandiko ya kale, na baadaye ikajulikana kuwa maandiko hayo ni ya kughushi. Hata hivyo koo hazikuiacha mistari yao. Mjukuu aliyemzika babu yake katika nguo ile hawezi kuambiwa kuwa ni nguo ya duka, akakubali.

Nasi hatuna haki ya kuwacheka, maana kanga nayo ni mtoto wa duka. Ilianza pwani, Unguja na Mombasa, katika nusu ya pili ya karne ya 19, kwa leso za mraba zilizounganishwa pamoja. Maneno yaliongezwa baadaye, na anayetajwa sana kwa jambo hilo ni Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake Mombasa mwaka 1887 na ambaye kanga zake hujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Maneno yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazotumia leo. Tangu wakati huo kanga zimechapwa Uhindi, Japani, Uingereza, na hapa kwetu katika kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Basi aliyetunga jina la kanga huenda hakupata kumwona mwanamke wa Newala hata siku moja. Yeye ametunga, atakayesema ni mvaaji.

Kwa Wamakonde lilikuwako vazi lililofanana zaidi na kilti ya ukoo, nalo halikuwa la kitambaa. Bibi zetu walichanjwa nembo usoni na mwilini, na wanawake walitoboa mdomo wa juu wakatia ndonya. Mjerumani Karl Weule aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 aliwapiga picha, nasi tunaweza kuwatazama hata leo. Aliyekuwa na nembo hakuulizwa yeye ni wa watu gani. Lakini nembo haivuliwi wala haikunjwi ikawekwa sandukuni. Ilisema neno moja maisha yote, kwa rafiki na kwa adui sawasawa. Kanga huvaliwa asubuhi, ikavuliwa jioni, na katika nafasi hiyo ndimo adabu yake yote ilimozaliwa.

Kwa hiyo mwanamke wa kwetu hajiulizi kama kanga ni yake. Kanga yoyote ni ya aliyeilipia. Hujiuliza itasema na nani. Jina moja likivaliwa shambani huwa kimya, maana miti haisomi. Likivaliwa kisimani huwa salamu. Likivaliwa kupita mbele ya nyumba ya mtu aliyegombana nawe juzi, huwa barua. Na barua hiyo husomwa mwandishi akiwa amekwisha kupa mgongo, kwa sababu maneno hukaa nyuma, chini ya kiuno, yakayumba kwa mwendo wake. Anayekwenda matangani hutafuta iliyochakaa isiyosomeka vizuri, au huvaa kaniki, au huigeuza kanga yake ili jina likunjwe ndani. Katika harusi na katika siku ya kutoka mwali, ndugu huvaa sare, jina moja kwa watu ishirini, na hapo ukali wote wa maneno huyeyuka, maana watu ishirini hawawezi kuwa wanamsema mmoja. Upande wa Masasi nimeona maneno ya dini yakichaguliwa kwa kudhani kuwa hayana hatari. Sina hakika na jambo hilo. Mstari kuhusu hukumu ya Mungu, ukipitishwa mbele ya jirani kwa wakati wake, huuma kuliko tusi.

Wanaume hudhani kuwa wao wamo nje ya mambo haya. Mume hujifunga kanga ya mkewe usiku akatoka uani kupunga upepo, asijue kuwa kiuno chake kinamjibu mama wa nyumba ya pili.

Sheria kuu ni moja, nayo ni kali: aliyesemwa na kanga haulizi. Akiuliza, "Hiyo umenivalia mimi?" amekiri kuwa maneno yamempata, na mvaaji atajibu kwa upole mkubwa, "Ni kanga tu, dada." Jibu hilo halina pa kushikika. Dawa ya kanga ni kanga nyingine.

Nami nimepata kuadhibiwa na sheria hii. Siku za mwanzo za ualimu wangu nilimpelekea wifi yangu wa Masasi doti iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Niliichagua kwa sababu ya lugha yake. Niliona ndani yake bahari, manahodha wa kale na elimu ya nyota, yote katika maneno manne, nikafurahi kama mtu aliyeokota lulu. Kumbe mwezi ule wifi alikuwa amefungua mgahawa mdogo wa chai hatua chache kutoka mgahawa wa rafiki yangu, na mjini watu walikuwa wakisema kuwa amemwiga. Alipokea doti kwa mikono miwili, akashukuru, akaniuliza habari za safari. Nilipofika mara ya pili alinipokea mlangoni akiwa amejifunga "Sina siri nina jibu", akanikaribisha kwa wali na kuku, akanihudumia siku mbili bila ya kubadili nguo ile. Sikuuliza. Shahada zangu hazikuwa zimenifundisha kusoma kanga. Zilikuwa zimenifundisha kusoma maneno yaliyo juu yake.

Mama yangu alifahamu zaidi. Alizaliwa Newala, akaolewa Masasi, na alipofiwa na mumewe alipanda tena mlima akarudi kwa watu wake, nyumba yake ikiwa si mbali na ukingo ule uitwao Shimo la Mungu, ambako nchi hukatika ghafula na bonde likashuka kuelekea Mto Ruvuma. Alikuwa na sanduku la kanga kama walivyo nalo wanawake wote wa umri wake. Nilipokuwa mtoto nilidhani kanga za sandukuni ni zile zinazotunzwa zisichakae. Baadaye nilifahamu kuwa nyingine zimewekwa kwa sababu mwenyewe hajapata haja ya kuzisema, na nyingine kwa sababu haja ilikuwapo naye ameshinda moyo wake. Kumiliki na kuvaa ni shauri mbili mbalimbali.

Alifariki mwaka 2019. Baada ya arobaini tuliketi kugawa nguo zake, na kwa kuwa kwetu sisi ni watu wa upande wa mama, aliyeongoza alikuwa mdogo wake, mama yangu mdogo. Hawa wawili waliwahi kugombana kwa ajili ya mikorosho iliyoachwa na mama yao. Misimu mitatu ya korosho ilipita hawakusemezana, kisha wakapatana, sijui kwa neno gani, maana wakati huo nilikuwa masomoni. Tuligawa kwa utaratibu: kanga za kuvaa kila siku kwa wajukuu, kisutu kwa binti wa kaka aliyekuwa akingoja kuolewa, vipande vilivyolainika kwa wenye watoto wachanga. Mwisho kabisa, chini ya sanduku, ilibaki doti moja ambayo haijakatwa. Vipande vyake viwili vilikuwa bado vimeshikana kama vilivyotoka kiwandani, na wanga wake haujaguswa na maji.

Niliifunua kidogo nikaona jina. Iliandikwa "Kikulacho ki nguoni mwako".

Niliifunga upesi. Mama mdogo akanyosha mkono, akasema, "Nisomee, mwanangu, macho yangu hayaoni tena." Nakiri kuwa nilitaka kumdanganya. Kanga nyingi zina "Wema hauozi", na hakuna aliyekaa karibu ambaye angenikosoa. Nilifikiri marehemu hawezi kujitetea, na kwamba neno alilolizuia miaka yote hiyo si haki litoke kwa kinywa changu siku ya kugawa nguo zake. Lakini mkono wake ulikuwa bado umenyoshwa, na uso wake haukuwa wa mtu asiyejua. Nikasoma kama ilivyoandikwa.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Aliinunua mwaka ule wa mikorosho. Niliambiwa siku ile ile, kabla hajafika nyumbani. Nikawa namtazama kila apitapo, nione kama ameivaa." Akaipokea, akapapasa katikati, mahali mapindo mawili yanapogusana. "Hakuivaa."

Nikamwambia kuwa hata kuikata hakuikata.

"Naona," akasema. Akamtuma mtoto mkasi. Marafiki wa ujana hugawana doti, kila mmoja kipande chake, na nilipata kusikia kuwa yeye na mama walifanya hivyo walipokuwa wasichana. Lakini sikutegemea aliyoyasema baadaye. Alisema, "Ikate. Moja yako, moja yangu." Nikaikata, mkono ukitetemeka, na asubuhi tukazipeleka sokoni kwa fundi cherehani akazipinda. Fundi alisoma jina, akatutazama mmoja mmoja, akashika kazi yake.

Yangu ninayo Dar es Salaam, imepindwa, sijaivaa bado. Yake anaivaa kila msimu anapookota korosho, na watu humwona akipita nayo njiani. Nilimpigia simu nikamwuliza kama haogopi majirani watadhani anamsema nani.

"Ni kanga tu, mwanangu," akasema, kisha akataka kujua kama kwetu mvua zimekwisha kunyesha.