Kabla ya taa za buluu, angalia mahali unakanyaga

Wasee wa nduthi, leo mtanitusi, lakini wacha niseme. Pesa nyingi mnayoweka kwa pikipiki inaenda mahali macho ya watu yanafika, na hakuna hata shilingi inaenda mahali miguu inakaa. Taa za buluu chini ya injini, sawa. Spika, sawa. Stika ya "Mungu Mbele", sawa kabisa, hata mimi naipenda. Halafu ukiinama uangalie futresti, ile chuma ya kuweka mguu, unapata raba imeisha mpaka chuma kinang'aa, na ya abiria imeshikwa na waya.

Nimekuwa nikifikiria hii maneno tangu broda yangu anunue pikipiki. Yeye hayuko Nairobi, anafanyia kazi kwetu Murang'a, juu huko karibu na Kangema. Kama hujawahi kufika, ni milima na mabonde tu, majani chai pande zote, na udongo mwekundu ambao mvua ya Aprili ikinyesha unashika kila kitu: kiatu, tairi, cheni, hata roho. Abiria wake wa kwanza kabisa ni mathe. Mathe ana goti mbaya, na kliniki iko ng'ambo ya bonde. Kwa hivyo broda aliponipigia simu akasema ameweka kando elfu nne na mia tano ya "kurembesha" nduthi, nikamuuliza swali moja tu: mathe huwa anakanyaga wapi?

Akanyamaza. Halafu akasema, "Si kuna futresti."

Iko, ndiyo. Pikipiki zetu nyingi zinakuja nazo. Kwa hizi Boxer na TVS za kazi, futresti za dereva zimeunganishwa kwa bomba moja la chuma linalopita chini ya injini, limefungwa kwa bolti. Za abiria ziko nyuma na zinakunjwa. Zote zimevishwa raba. Hiyo raba si urembo, inameza mtetemo wa injini ili nyayo zisife ganzi. Kwa lami, mchana, kavu, hakuna shida kabisa. Shida ni siku ya matope. Buti inakuja na kilo ya udongo chini yake, udongo unakaa juu ya raba, raba inakuwa sabuni. Unateremka bonde, unagusa breki, mguu unateleza, na breki ya nyuma yenyewe inakanyagwa na mguu huo huo wa kulia. Sasa fikiria.

Nitawapeleka mbali kidogo, mtanivumilia. Usiku nikikosa usingizi huwa naangalia video za wazungu wakipanda milima ya Colorado na British Columbia na zile pikipiki za theluji. Hazina magurudumu, mbele kuna ski mbili, nyuma kuna mkanda mpana wa raba unaochimba theluji. Kitu kilichonishangaza ni kwamba mlimani wale watu hawakai. Wanasimama karibu muda wote. Wakikata mlima kwa ubavu wanahamisha uzito wote upande wa juu, saa zingine mguu mmoja umekanyaga na mwingine unaning'inia nje, kama makanga mlangoni mwa matatu. Yaani mashine nzima inaendeshwa na nyayo.

Na wanakanyaga wapi? Kuna vibao virefu vya aluminiamu kando ya mashine, kulia na kushoto. Theluji inaanguka pale, buti inaigandamiza, inakuwa barafu, na mtu anateleza. Kwa hivyo wengi wanang'oa vibao vya kiwandani na kuweka vingine vya kununua: vyenye matundu makubwa ili theluji ipite ianguke chini, kingo zenye meno ili buti ishike, na ukingo wa nje ulioimarishwa kwa sababu ukigonga kisiki au mwamba hapo ndipo panapinda. Wanabishana kuhusu uzito, kuhusu ukubwa wa matundu, kuhusu meno. Na kuna jambo wanaogopa: kuweka vingine mara nyingi ni kutoboa ribiti na kukata cha zamani. Ukishakata, umekata.

Nilipoona hiyo nikasema, manze, hii ni Murang'a mwezi wa nne. Badilisha theluji uweke udongo.

Kwa sababu hata wale wa pikipiki za mashindano ya matope walishajibu swali hili zamani. Futresti zao ni pana, hazina raba, katikati ziko wazi, na kingo zina meno. Udongo unapita katikati unaanguka. Uwazi ni wa maana kuliko meno, na hapa ndipo wauzaji wanawachezea. Utaonyeshwa futresti ina meno makali kama msumeno lakini imefungwa chini, haina mwanya. Hiyo ni sahani. Udongo utajaa katikati ya meno, utakauka, na baada ya siku mbili una sahani laini kabisa. Kama kidole chako hakipiti, udongo pia haupiti.

Basi Jumamosi broda akashuka Nairobi, tukaenda Grogan. Kama unaijua Kirinyaga Road unajua vile kunakuwa, kila msee ana spea na kila spea ni "orijino, mkubwa wangu, angalia mwenyewe". Tukaangalia wenyewe. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kushika futresti kwa mkono na kuitingisha pale kwenye pini. Ikicheza ikiwa mpya dukani, itakuwaje baada ya mvua moja? Mbili kati ya tatu za kwanza zilicheza. Ya tatu ilikuwa imara lakini ilikuwa haikunjwi, na muuzaji akatuambia hiyo ndiyo nguvu yake.

Hapo nikakataa, na nitaeleza kwa nini. Futresti ya dereva inayokunjwa kwenda juu na nyuma, yenye springi ya kuirudisha, imewekwa hivyo makusudi. Pikipiki ikilala kwenye kona, au ikianguka, chuma kikigusa chini kinajikunja. Kisipokunjwa kinakuwa mtaimbo: kinanyanyua tairi kutoka chini, au kinapindisha kile kilichoshikilia. Na kama mguu wako uko chini yake wakati huo, sitaki hata kumaliza hiyo sentensi.

Tukapata za chuma, pana, wazi katikati, zinakunjwa. Kulikuwa na za aluminiamu pia, nyepesi na zinapendeza. Lakini broda yuko kijijini. Aluminiamu ikivunjika Kangema, fundi wa kuchomelea wa pale kando ya barabara hawezi kuishona na mashine yake ya kawaida. Chuma anaweza. Wale wa Colorado wanahesabu kila gramu kwa sababu mashine inazama kwenye theluji. Nduthi yenye gunia la viazi na mama wawili haina haja na gramu mia tatu. (Ndio, nimesema wawili. Sheria inasema abiria mmoja. Nyote mnajua na nyote mnafanya.)

Kitu kingine ambacho watu hawapimi ni upana. Futresti pana ni tamu kwa mlima, lakini kama unafanyia kazi tao, unapenya katikati ya matatu mbili pale Tom Mboya, kila sentimita inayotokea nje ni sentimita ya mguu wako kugongwa. Kwa msee wa tao mimi ningesema wacha raba, nunua raba mpya zenye mistari, basi. Meno yatakutetemesha nyayo kwa lami siku nzima na hakuna matope ya kukulipa. Na yeyote anayebadilisha, keti juu kabla hujalipa fundi. Vidole vinafika breki bila kuinua kisigino? Gia je? Kiki inazunguka bila kugonga kitu? Futresti ikipanda kidogo tu, breki inabaki chini ya ilipokuwa, na utagundua siku ambayo hukutaka kugundua.

Sasa tuje kwa abiria, kwa sababu hapo ndipo nina hasira kidogo.

Abiria hachagui. Anapanda, anatafuta na mguu, anapata au anakosa. Mwaka jana mathe alikosa. Futresti ya nduthi aliyokuwa amepanda, haikuwa ya broda, ilikuwa imelegea ikajikunja yenyewe, mguu ukashuka ukakaa kwa bomba la moshi. Ile alama bado iko. Waulize dada zenu na mama zenu, wengi wanayo, mguu wa kulia, ndani, chini ya goti. Tumeizoea mpaka tunaona ni kama chale.

Halafu kuna kukaa upande. Sheria inataka abiria akae ametanua miguu. Mathe amevaa sketi ndefu, ametoka kanisani, ana goti mbaya: atakaa upande, utabishana na nani? Wahindi walifikiria hili. Kule India, Boxer inakotoka, pikipiki huwekewa wavu wa chuma upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma ili sari isiingie kwenye spoksi. Ukipata nduthi iliyokuja na huo wavu, tafadhali usiung'oe eti unaonekana wa kizee. Leso na sari zote ni kitambaa, na spoksi haiulizi umetoka nchi gani. Na mtoto ambaye miguu yake haifiki futresti, ule wavu ndio unasimama kati ya kisigino chake na gurudumu.

Fundi aliyetufungia alikuwa na wazo lake. Alitaka kuchomelea bomba refu upande wa kushoto, moja kwa moja kwenye fremu, ili mathe aweke miguu yote miwili. Wazo si baya, nimeona wengi wanalo. Lakini kuchomelea kwenye fremu ni kama wale kukata kibao cha kiwandani. Moto wa kuchomelea unabadilisha chuma cha bomba la fremu pale karibu na mshono, na bomba hilo ndilo linabeba kila mtu. Siku ukigongwa pale, badala ya bomba la mia tano kupinda, fremu ndiyo inapinda. Nikamuuliza kama anaweza kutengeneza kipande kinachofungwa kwa bolti kwenye tundu za futresti ya abiria. Akaniangalia vile mafundi huangalia vijana wa intaneti. "Inawezekana," akasema, "lakini itachukua saa mbili." Broda akasema tuko na saa mbili. Hapo nilijivunia broda, ukweli.

Ile ya bolti ikilegea, unakaza na spana. Ikipinda, unatoa. Pini na springi za futresti ya abiria tukanunua mpya pia, hizo hazikumaliza hata pesa ya chakula cha mchana.

Broda alirudi nyumbani jioni ile ile. Wiki iliyofuata akanipigia kulalamika kwamba meno yanakula soli ya gambuti zake, na kwamba ukipiga futresti na muundi wakati unasukuma pikipiki utaita majina yote ya ukoo. Nikamwambia hiyo ni kweli, asukume akiwa mbele kidogo. Nikamuuliza mathe anasemaje. Akasema mathe hajasema kitu, amepanda tu, akaweka miguu, akamwambia aende pole pole.

Pesa iliyobaki alinunulia taa za buluu.