Ushahidi wa Damu

Miongoni mwa mashahidi wote ambao mwanadamu huwaita mbele ya baraza la moyo wake, hakuna anayeaminiwa upesi kuliko damu. Ulimi husema uwongo, jicho hudanganyika, na kumbukumbu hufifia; lakini damu hudhaniwa kuwa haina tamaa, haina hofu, wala haina rafiki wa kumpendelea. Dhana hiyo ni nzuri, lakini si kamili. Damu hujibu lile tu iliyoulizwa, na mwenye uchungu aghalabu huuliza swali moja akapokea jibu la jingine.

Mke mmoja wa mji wa pwani, aliyekuwa katika ndoa kwa miaka tisa, aliambiwa na mumewe mwenyewe kwamba alikuwa amekwenda kwa mwanamke mwingine. Mume alikiri, akalia, akaomba radhi. Wiki tatu baadaye mke alikwenda maabara akatolewa damu. Hakuwa na kidonda wala lengelenge. Alikuwa na shaka tu, na shaka ni maradhi yasiyo na mahali pa kupakwa dawa. Karatasi aliyopewa ilikuwa na mistari mitatu juu ya virusi vya malengelenge. Kingamwili za IgG za aina ya kwanza: zipo. Kingamwili za IgG za aina ya pili: zipo, kwa kipimo cha 1.6. Kingamwili za IgM: zipo. Neno hilo moja lilirudiwa mara tatu, naye akalisoma kama hukumu ya mahakimu watatu.

Mstari wa kwanza haukuwa na habari ya kumtisha. Virusi vya aina ya kwanza aghalabu huingia mwilini utotoni kwa mate, hata kwa busu la bibi kwa mjukuu wake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 walikuwa navyo, yaani 64 katika kila 100. Ni kweli kwamba aina hii huweza pia kushika sehemu za siri. Lakini kingamwili hazisemi virusi vimekaa mahali gani.

Mstari wa tatu ulikuwa dhaifu zaidi. Watu wengi hudhani IgM ni alama ya maambukizo mapya. Walakini huweza kuonekana pia ugonjwa wa zamani unapozuka tena, wala hazitofautishi vyema aina moja na nyingine. Kwa sababu hiyo wataalamu hawashauri zitumiwe katika jambo hili.

Ukabaki mstari wa pili, na ndani yake tarakimu 1.6. Katika vipimo vinavyotumika sana, jibu huhesabiwa kuwa "zipo" likipita 1.1. Lakini mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 juu ya magonjwa ya zinaa unaagiza kwamba jibu lisilofika 3.0 lithibitishwe kwa kipimo cha namna nyingine. Na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo juu ya majibu ya uwongo ya aina ya pili. Hali kadhalika, uchunguzi wa damu za watu wa Uganda ulionyesha kwamba vipimo vya namna hii hukosea huko zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Hesabu yenyewe si ngumu. Wakipimwa watu 1,000, na 100 kati yao wana virusi kweli, kisha kipimo kikamkosea mmoja katika kila kumi wa wale 900 wasio navyo, watu 90 wataambiwa wana kitu wasichokuwa nacho. Karibu nusu ya "zipo" zote zitakuwa si kweli.

Tena kulikuwa na jambo la wakati. Mwili huchukua wiki nyingi kutengeneza kingamwili hizi. Tabibu mwangalifu hungoja hata wiki 12. Jibu la wiki tatu, lingekuwa la kweli, yamkini lingeeleza jambo la zamani kuliko hiana ile; maana virusi hivi huweza kukaa kimya miaka mingi bila mwenyewe kujua. Damu haiandiki tarehe, wala haitaji jina.

Mke hakuyajua hayo, na mume hakuyajua pia. Mume naye alipimwa, akapewa jibu la "hakuna", akainua kichwa alichokuwa amekiinamisha. "Mke wangu," alisema, "karatasi yangu ni safi. Nieleze yako imeyapata wapi haya." Kwa neno hilo mshtakiwa alipanda kiti cha hakimu, na aliyedhulumiwa akatakiwa ajitetee. Ilhali jibu la mume lilikuwa limetolewa mapema mno, na halikuweza kumsafisha. Ujinga mmoja ulimhukumu mke na kumwachilia mume.

Tabibu aliyewasomea karatasi zile hakumtetea mmoja wao. Aliwataka wangoje. Zilipotimia wiki 12 wote wawili walipimwa tena, na damu ya mke ikapimwa kwa njia ya pili. Jibu la mume halikubadilika. Kwa mke, aina ya pili haikuwapo. Aina ya kwanza ilikuwapo, kama ilivyo katika damu ya wengi wa majirani zake.

Lakini hata kama jibu lingekuwa kinyume, lisingekuwa cheti cha uovu. Shirika lile lile lilikadiria watu milioni 520 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye aina ya pili katika mwaka wa 2020, na wengi wao hawajui. Ipo dawa ya asiklovia, ambayo haiondoi virusi lakini hupunguza makali yake. Maradhi hutaka dawa na ukweli kati ya wawili, hayataki fedheha.

Mke alipopewa jibu la mwisho hakufurahi kama mume alivyotarajia. Mume alidhani daawa imekwisha. Kumbe ilikuwa ndiyo kwanza inarudi mahali pake. Kwa miezi mitatu walikuwa wamebishana juu ya tarakimu, na ahadi iliyovunjwa ilikaa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa. Hiana ile haikuhitaji ushahidi wa damu, maana ilikwisha kukiriwa kwa ulimi. Kusamehe au kuachana ni hukumu ambayo hakuna maabara iwezayo kuiandika. Mke aliikunja karatasi, akaiweka sandukuni pamoja na cheti cha ndoa, akamtaka mumewe aketi ili wazungumze juu ya lile ambalo damu haikuulizwa.